Maswali na majibu: Nimwandikieje mwajiri kumuuliza kama kuna nafasi?

Maswali ya safari hii yamekuja kwa sura tofauti, lakini yote yanataka kitu kimoja: namna ya kumwandikia barua pepe mtu usiyemjua, umuulize kama ana kazi. Mengine nimeyafupisha. Moja lilikuja na barua nzima, na mwenyewe ameniruhusu niichambue hapa mbele yenu.

Kuna kampuni naitamani sana lakini haijatangaza nafasi yoyote. Nikiwaandikia si nitaonekana ombaomba?

Hapana. Ombaomba ni yule anayeandika "nisaidieni kazi yoyote." Anayetaja anachokiweza, kisha akauliza kama kitengo fulani kinatarajia kuongeza watu, huyo amebisha hodi tu. Nafasi nyingi huanza kichwani mwa meneja kabla hazijafika kwenye tangazo: mtu mmoja ameaga, mwingine anakaribia likizo ya uzazi, mradi mpya umepita ila bajeti haijasainiwa. Barua yako ikimkuta katika kipindi hicho, umempunguzia kazi.

Ila usichanganye barua ya kuulizia na barua ya maombi. Ya maombi inajibu tangazo, na tangazo lina masharti, kumbukumbu namba na tarehe ya mwisho. Ya kuulizia ina swali moja tu, na swali hilo liwe linajibika kwa mstari mmoja, kwenye simu, na mtu anayesubiri lifti. "Je, mnatarajia kuajiri wahasibu wasaidizi kabla ya mwisho wa mwaka?" lina jibu: ndiyo, hapana, au muulize fulani. "Naomba kufahamishwa fursa zilizopo katika taasisi yenu" halina jibu. Hapo umemtuma mtu akakufanyie utafiti, na atakuahirisha hadi kesho, kisha hadi atakaposahau.

Kabla ya yote, fungua tovuti yao usome ukurasa wa ajira. Ukiulizia nafasi ambayo imebandikwa pale tangu wiki iliyopita, umeshajieleza.

Kwenye sehemu ya mada huwa naandika "YAH: MAOMBI YA KAZI". Kuna ubaya?

Ubaya uko kwenye herufi kubwa, kwenye "maombi" na kwenye "kazi". "Yah" nayo ina yake, maana kwenye karatasi ilikuwa na kazi yake, lakini kwenye barua pepe sehemu ya mada ndiyo yah yenyewe. Simu nyingi huonyesha maneno machache ya mwanzo, mengine hukatwa, kwa hiyo tanguliza kile kinachokutofautisha: "Fundi umeme wa viwandani: swali kuhusu nafasi". Kama kuna aliyekuelekeza, jina lake likae humo humo. Na usiiache wazi.

Sijui jina la mhusika. Nianzeje?

Tafuta kwanza. Dakika kumi kwenye tovuti yao na LinkedIn, mtandao wa watu wa kazi, mara nyingi zinatosha, au piga simu mapokezi uulize: "Samahani, mkuu wa kitengo cha ugavi anaitwa nani, na jina lake linaandikwaje?" Watu hutaja majina kirahisi kuliko unavyodhani.

Ukikosa kabisa, taja cheo: "Ndugu Meneja Rasilimali Watu". Hapa Kiswahili kimetupa bahati. "Ndugu" haiulizi kama mhusika ni mwanamume au mwanamke, ameoa au hajaolewa. Epuka "Kwa yeyote anayehusika." Yeyote huwa hahusiki.

Nimemaliza shahada ya ununuzi na ugavi. Nimetuma barua hii sehemu nyingi bila jibu. Tatizo ni nini?

Barua yenyewe ni hii:

"Natumaini u mzima wa afya na unaendelea vyema na majukumu yako ya kila siku. Dhumuni la barua pepe hii ni kuomba nafasi ya kazi katika kampuni yako tukufu. Mimi ni kijana mchapakazi, mwaminifu, ninayejituma na ninayeweza kufanya kazi bila kusimamiwa. Nipo tayari kufanya kazi yoyote na mahali popote. Nitashukuru endapo ombi langu litapewa kipaumbele. Tafadhali rejea viambatisho."

Nianze na salamu, maana najua wengi mtanishambulia nikizigusa. Salamu ni muhimu, hatuanzi mazungumzo kama tumegombana. Lakini "Habari za kazi" inatosha. Ukimtakia msomaji afya kwa mistari miwili, mistari hiyo ndiyo atakayoiona kwenye orodha ya barua kabla hajafungua, na ataona afya yake badala ya ujuzi wako.

"Kampuni yako tukufu" ondoa. Mwezi wa Ramadhani ndio mtukufu.

"Mchapakazi, mwaminifu": mwizi naye huandika hivyo hivyo. Maneno hayo si ya uongo, ila hayana uzito kwa sababu hayana ushahidi. "Kazi yoyote, mahali popote" ndilo kosa kubwa kuliko yote, na nalielewa linatoka wapi. Mtu aliyetafuta muda mrefu anadhani akifungua milango yote, mmoja utaitika. Anayesoma, hata hivyo, ana kiti kimoja mahususi kichwani, na wewe umemwachia yeye kazi ya kukupima kama unakitosha.

Nilimwandikia msomaji huyu nikamuuliza: kwenye mafunzo ya vitendo ulifanya nini hasa? Akajibu, "Hakuna cha maana, nilikuwa nahesabu mizigo ghalani." Nikambana kidogo. Kumbe hesabu ya rafuni na ya kwenye kompyuta zilikuwa hazilingani, na yeye ndiye aliyegundua kwamba bidhaa zinazorudishwa na wateja zilikuwa haziingizwi popote. Hilo hakuliandika! Tukaiandika upya pamoja:

"Mada: Ofisa ghala msaidizi: swali kuhusu nafasi

Ndugu Meneja Ugavi,

Habari za kazi. Nimesoma kwenye tovuti yenu kwamba mmefungua ghala la pili, nikaona huenda mtahitaji watu wa kupokea na kuhesabu mizigo.

Nina shahada ya ununuzi na ugavi. Katika miezi mitatu ya mafunzo ya vitendo nilikuwa nikihesabu mzigo kila Ijumaa. Hesabu ya rafuni ilikuwa hailingani na ya kompyuta, nikagundua bidhaa zinazorudishwa haziingizwi. Tulianzisha fomu ya ukurasa mmoja ya kuzisajili, na hadi naondoka hesabu zilikuwa zinalingana.

Je, mnatarajia kuongeza watu wa ghala katika miezi mitatu ijayo? Kama anayefaa kuulizwa ni mwingine, nitashukuru mkinielekeza kwake. CV yangu nimeiambatisha."

Chini yake jina kamili na namba ya simu, basi.

Tazama ile sentensi ya kuelekezwa kwa mwingine. Meneja asiye na nafasi, au asiye na mamlaka, bado ana kitu rahisi cha kukufanyia: kuisukuma barua mbele. Na ikisukumwa kutoka ndani, haiingii tena kama barua ya mgeni.

Kuna wanaosema kujieleza kwa mtindo huu ni mambo ya kisasa. Mwanzoni mwa miaka ya 1480 Leonardo da Vinci aliandika barua ya kuomba kazi kwa Ludovico Sforza, mtawala wa Milano. Mtawala yule alikuwa akiwaza vita, basi Leonardo akamworodheshea madaraja mepesi ya kubebeka na magari ya vita yaliyofunikwa. Uchoraji, ambao ndio tunaomjulia leo, aliutaja karibu na mwisho. Alianza na shida ya msomaji wake.

Niambatishe CV au nisubiri waombe?

Ambatisha, lakini CV peke yake, kwa PDF, isizidi kurasa mbili. Faili la Word hubadilika sura likifunguliwa kwenye kifaa kingine. PDF hutulia kama ulivyoiacha. Vyeti vibaki nyumbani hadi uombwe. Gmail hairuhusu kutuma viambatisho vinavyozidi MB 25 kwa barua moja, na vyeti vilivyoskaniwa kwa rangi hufika huko upesi.

Jina la faili liwe jina lako na neno CV. Nimewahi kupokea "cv mpya ya mwisho kabisa 3". Nilibaki najiuliza ya 4 iko wapi.

Nina orodha ya kampuni arobaini. Naweza kutuma barua moja kwa zote kwa nakala iliyofichwa (BCC)?

Unaweza, na kwenye sehemu ya mpokeaji kila mmoja ataona jina lake halimo. Atajua.

Mimi nilikuwa mjanja kuliko wewe: nilikuwa nanakili barua ileile na kubadilisha jina la kampuni, moja baada ya nyingine, usiku. Kwenye ya saba au ya nane nilibadilisha jina juu, nikasahau la aya ya pili. Nikawa nimewaandikia watu kwamba tangu zamani nina ndoto ya kufanya kazi kwa washindani wao. Asubuhi nilikuta jibu: "Asante kwa barua yako. Tunakutakia kila la heri huko." Walikuwa na haki. Siku hizi siandiki anwani ya mpokeaji mpaka nimemaliza kila kitu, nimesoma kwa sauti na nimeambatisha. Barua isiyo na anwani haiwezi kuponyoka. Pia kwenye mipangilio ya Gmail ongeza muda wa kutengua barua uliyotuma. Huja na sekunde 5, unaweza kuufikisha 30. Utashangaa makosa mangapi huonekana ndani ya sekunde hizo.

Kati ya hizo arobaini, chagua tano kwa wiki. Kwa kila moja uwe na sentensi moja ambayo haiwezi kuhamishiwa kwa nyingine, kama ile ya ghala la pili.

Niandike kwa Kiswahili au Kiingereza?

Kwa lugha wanayotumia wenyewe kwenye tovuti na matangazo yao. Wakitumia zote mbili, andika kwa ile utakayoweza kuizungumza wakikupigia simu ghafla.

Akili mnemba inaniandikia barua nzuri kuliko mimi. Nikiitumia ni kosa?

Kosa si kuitumia. Tatizo ni kwamba haikuwepo ghalani. Usipoipa habari ya mizigo iliyorudishwa, itakujazia "mchapakazi mwenye shauku" kwa lugha ya kupendeza zaidi, na mwajiri ana barua nyingine kumi zenye shauku ileile. Mbaya zaidi, mara nyingine hukuongezea ujuzi ambao huna, na utaulizwa kuuhusu siku ya usaili. Andika rasimu mwenyewe, hata iwe mbovu, kisha ipe ikukagulie tahajia na ikuonyeshe sentensi zilizo ndefu mno.

Wamenijibu upesi sana! Wanasema nafasi ipo, nitume kwanza ada ya usajili na nakala ya kitambulisho.

Usitume. Mwajiri wa kweli hakutozi pesa ili akuajiri. Angalia herufi kwa herufi anwani iliyokujibu. Mara nyingi inafanana na ya kampuni isipokuwa herufi moja, au ni anwani ya bure yenye jina la kampuni ndani yake. Kisha ipigie simu kampuni kwa namba iliyo kwenye tovuti yao, usitumie ile iliyo kwenye barua. Kama umeshatuma kitambulisho, ijulishe benki yako na kampuni yako ya simu leo.

Wiki mbili zimepita, kimya. Nikiandika tena si nitawaudhi?

Andika. Wiki moja ilikuwa mapema, mbili ni sawa. Jibu juu ya ile barua yako ya kwanza, ili wasilazimike kuitafuta, na usiulize "je, mlipata barua yangu?" Swali hilo lina harufu ya lawama. Mistari miwili inatosha:

"Habari za kazi. Nilikuandikia tarehe 3 kuhusu nafasi za ghala. Naelewa huenda mna shughuli nyingi. Kama kwa sasa hakuna nafasi, je, mngependa niulize tena baada ya robo mwaka?"

Angalia nilivyomrahisishia kukataa. Mtu asiyejua namna ya kukuambia "hapana" hunyamaza; ukimpa "hapana" iliyo na heshima, anaichukua, na mara kwa mara huifunga na tarehe. Rafiki yangu mmoja alijibiwa "jaribu mwezi wa tisa." Aliiweka kwenye kalenda ya simu, na siku ya kwanza ya mwezi wa tisa akajibu juu ya uzi uleule: "Uliniambia nijaribu mwezi wa tisa." Aliitwa kwenye usaili wiki ile.

Ukikosa jibu na mara ya pili, waache. Kuna wengine thelathini na tano kwenye orodha.