Swali la lugha: Dimensheni za ziada na kiambishi -nge-

Swali: Ninaandika makala kuhusu nadharia zinazosema kwamba ulimwengu una zaidi ya urefu, upana na kimo. Sentensi yangu ya kwanza ni hii: "Vipimo vya ziada vya anga vingeathiri mabadiliko ya ulimwengu." Mhariri ameirudisha akisema haieleweki. Kasoro iko wapi?

Jibu: Kasoro kubwa iko kwenye kitenzi, lakini tuanze na nomino kwa kuwa hizo zinarekebishika upesi. Msomaji akikuta "vipimo vya ziada" atafikiria maabara ya hospitali. "Pande" nayo haifai, ingawa tumezoea "picha za pande tatu": pembetatu ina pande tatu na bado ni bapa. Andika "dimensheni", ngeli ya I-ZI, na uwe mwangalifu na kihusishi: "dimensheni nne" ni zote kwa jumla, "dimensheni ya nne" ni moja tu, inayofuata ya tatu. "Anga" humpeleka msomaji mawinguni, "nafasi" inatosha.

Sasa "vingeathiri". Kiambishi -nge- aghalabu hubeba dhana kwamba sharti halijatimia, wala msemaji hatarajii litimie. Kwa hiyo kinafaa pale ambapo fizikia imekwisha kulifunga jambo: "Kungekuwa na dimensheni ya nne iliyo kubwa kama hizi tatu, mizunguko ya sayari isingedumu." Hoja hiyo aliitoa mwanafizikia Paul Ehrenfest mwaka 1917. Katika dimensheni tatu, kwa kanuni ya Newton, umbali ukiongezeka maradufu uvutano hubaki robo. Katika nne hubaki thumni, na sayari ikisukumwa kidogo tu, ama hutumbukia kwenye jua lake ama hupotelea mbali. (Andika "isingedumu", "haingedumu" husikika sana, lakini Kiswahili sanifu hupendelea -si-.)

Dimensheni ndogo zilizojikunja, yaani zilizojiviringa kiasi kwamba hatuzioni, ni suala jingine kabisa. Nadharia ya nyuzi, inayosema kwamba chembe zote ni nyuzi ndogo mno zinazotetema, inahitaji dimensheni tisa za nafasi, na hakuna jaribio lililothibitisha wala kukanusha zile sita tusizoziona. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, walipima uvutano hadi umbali wa mikromita 52 (mikromita ni sehemu moja ya milioni ya mita), wakakuta kanuni ya Newton bado inashika. Chini ya hapo mlango u wazi, na penye mlango wazi hutumika "ikiwa" au -ki-: "Zikiwapo, katika umbali mdogo mno uvutano utakuwa na nguvu kuliko kanuni ya Newton inavyotabiri." Ukiandika "zingekuwapo" umeshamwambia msomaji kwamba hazipo. Hapo umetoa hukumu ambayo sayansi yenyewe haijaitoa.

Kwa yaliyopita na yasiyotokea kuna -ngali-. Katika modeli zilizotokana na kazi ya wanafizikia Lisa Randall na Raman Sundrum ya mwaka 1999, ulimwengu wetu ni kama utando wa dimensheni tatu ndani ya nafasi yenye dimensheni zaidi, na hapo mwanzo, msongamano ulipokuwa mkubwa kupindukia, ulipanuka kwa kasi kuliko hesabu za kawaida zinavyoonyesha. Kasi hiyo ya ziada ililazimika kutoweka kabla ya viini vya heliamu kuundwa, dakika chache baada ya mlipuko mkuu. Heliamu huundwa kwa chembe ziitwazo nyutroni na protoni, kwa hiyo: "Kama isingalitoweka, nyutroni nyingi zaidi zingalisalia bila kuoza, na heliamu ingalizidi robo ya masi ya mata ya kawaida." Robo hiyo ndiyo inayopimwa. Angalia pia kwamba -ngali- imeshika sehemu zote mbili za sentensi. Usianze na -ngali- ukamalizia na -nge-.

Linabaki "athiri", neno ambalo kwa wasomaji wengi siku hizi linaashiria madhara, na hata lisipoashiria hayo, halisemi nini kilitokea. Taja tendo lenyewe: kuharakisha, kudhoofisha, kuchelewesha. "Mabadiliko" nayo ni mapana mno ilhali unazungumzia upanukaji. Ningeiandika hivi: "Ikiwa nafasi ina dimensheni zaidi ya tatu, huenda ziliharakisha upanukaji wa ulimwengu ulipokuwa bado mchanga."