Maswali ya Wasomaji: Maziwa Mawili, Mabwawa Matatu, Siku Nne

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi na wenzangu watatu tunajiandaa kwa safari ya siku nne ya kuvua kwa mshipi katika maziwa mawili na mabwawa matatu ya kanda yetu. Tumezoea kuvua mtoni. Tutavulia ukingoni, ila siku moja tutakodi mashua. Tunaomba utuelekeze namna ya kuzigawa siku hizo na mambo ya kuchunguza kabla hatujaondoka.

JIBU: Ushauri wetu wa kwanza huenda usiwapendeze: punguzeni orodha. Mkizunguka sehemu tano kwa siku nne, muda mwingi utaishia barabarani na katika kufunga na kufungua mizigo, na kila mahali mtafika jua likiwa limekwisha kupanda, ilhali saa za kutegemewa zaidi ni za alfajiri na za machweo. Chagueni ziwa moja na bwawa moja, kila mahali siku mbili, ili siku ya kwanza iwe ya kuyasoma maji.

Ziwa na bwawa hayasomwi kwa namna moja. Bwawa ni bonde la mto lililozamishwa: kina kikubwa kwa kawaida kiko karibu na ukuta, na upande unaoingia mto maji ni haba na yana tope zaidi. Huko chini, mkondo wa zamani mara nyingi ungali upo kama mfereji, pengine pamoja na visiki vya miti iliyofunikwa na maji, na samaki hupenda kukaa kandokando yake. Isitoshe, maji ya bwawa hupanda na kushuka kwa uamuzi wa watu, kadiri yanavyofunguliwa kwa ajili ya umeme au umwagiliaji. Yanapopanda na kufunika majani ya ukingoni, samaki huyafuata humo kutafuta wadudu na minyoo; yanaposhuka kwa kasi, huhama na kwenda kukaa penye mteremko. Kwa hiyo, kabla hata ya kuulizia samaki, waulizeni wasimamizi wa bwawa kama maji yamekuwa yakipanda au yakishuka wiki hiyo. Kwa maoni yetu, jibu hilo lina thamani kuliko sanduku zima la ndoano mpya.

Ziwani, angalieni upepo. Ukivuma upande mmoja kwa saa nyingi, husukuma maji ya juu, pamoja na vijimea na vijidudu vinavyoelea, hadi ufuo unaopigwa na mawimbi. Samaki wadogo hufuata chakula hicho, na wakubwa huwafuata wadogo. Wageni hukimbilia ufuo uliotulia kwa kuwa ni rahisi kurusha mshipi huko, na aghalabu hurudi mikono mitupu. Kwa mwenye mashua ni kinyume chake: upepo ukianza kukaza, rudini nchi kavu, na kila mmoja awe amevaa jaketi la kuokolea maisha tangu mnapoondoka, si kulikalia.

Msimu wa joto, ziwa lenye kina hujigawa matabaka, maji ya moto juu na ya baridi chini. Penye mimea mingi inayooza, tabaka la chini huweza kuishiwa oksijeni kabisa, na ndoano iliyoshushwa hadi sakafuni ikakaa mahali pasipo na samaki hata mmoja. Mkikosa huko chini, pandisheni chambo kidogo kidogo.

Siku ya mashua, chukueni sahani nyeupe iliyofungwa jiwe na kamba yenye fundo kila nusu mita. Ishusheni upande wa kivuli hadi isionekane, kisha ipandisheni hadi ionekane tena. Wastani wa vina hivyo viwili ni kipimo cha uangavu wa maji. Ndiyo njia aliyoitumia padri wa Italia, Angelo Secchi, baharini mwaka 1865, na wataalamu wa maziwa wangali wanaitumia. Sahani ikipotea kabla ya nusu mita, tegemeeni chambo chenye harufu. Ikionekana hadi mita kadhaa, tumieni mshipi mwembamba na msisimame karibu sana na maji.

Kuhusu vibali, msidhani kwamba leseni ya ziwani inatosha bwawani, maana mara nyingi wasimamizi ni tofauti. Ulizeni ukubwa wa samaki unaoruhusiwa, miezi ambayo mazalia hufungwa, na umbali wa kukaa kutoka ukutani na penye milango ya maji, ambako maji huweza kufunguliwa ghafla.

SWALI: Samaki wadogo wa chambo wakitubakia wakiwa hai, je, tuwaachie kwenye maji ya pili?

JIBU: Hapana, hata kama ni wawili tu. Sangara aliingizwa Ziwa Victoria na binadamu katika miaka ya 1950, na spishi nyingi za furu, samaki wadogo waliokuwamo, zimetoweka au kupungua mno. Vueni chambo katika maji yale yale mtakayovulia. Pia mwageni maji yote yaliyobaki kwenye ndoo, ondoeni kila kipande cha mmea kilichonasa kwenye nyavu na viatu, kwa sababu gugumaji huota upya kutokana na kipande tu, kisha kausheni vifaa vyote juani kabla ya kuelekea bwawani.