Maswali na majibu ya sheria: Leseni ya vileo, kutoka Masasi hadi Kilwa

Msimu wa korosho unakaribia. Fedha ya mnada ikianza kuingia vijijini, kila mwenye kibanda cha kona huanza kufikiria kaunta na friji, ndiyo maana maswali ya safari hii karibu yote yanahusu pombe. Nimeyafupisha bila kubadili maana.

Nina glosari karibu na stendi, Masasi. TIN ninayo, leseni ya biashara nimelipia na nimeibandika ukutani. Wamekuja watu wa halmashauri wakafunga mlango, eti sina leseni. Huu si uonevu?

Ndugu yangu, kwa ulivyoeleza, hapana. Leseni uliyobandika imetolewa chini ya Sheria ya Leseni za Biashara ya mwaka 1972. Kuuza kileo kuna sheria yake, Sheria ya Vileo, Sura ya 77, iliyotungwa mwaka 1968, nayo inadai leseni yake peke yake. Hiyo ya kwanza haikuondolei hii ya pili, hata uwe umelipa kodi zote na hudaiwi senti.

Leseni ya vileo pia ina muda mfupi. Hutolewa kwa nusu mwaka: kuanzia 1 Aprili hadi 30 Septemba, kisha 1 Oktoba hadi 31 Machi. Angalia hesabu hiyo inavyotubana sisi wa Kusini. Inakwisha mwishoni mwa Septemba, wiki chache tu kabla minada haijachangamka, na watu wengi hushtuka Oktoba baa ikiwa imejaa na karatasi imekufa. Anza kuhuisha mwezi Agosti. Maombi siku hizi huingizwa kwenye mfumo wa Tausi wa serikali za mitaa, lakini mfumo hauondoi hatua za chini: maoni ya serikali ya mtaa na kata, na bwana afya kuja kuona choo, maji na usafi wa jengo. Vikao vinavyopitisha maombi havikai kila siku.

Halafu soma aina ya leseni uliyoomba. Ipo ya mteja kunywa palepale, ipo ya kuchukua na kuondoka, ipo ya jumla, ya hoteli, ya mgahawa, ya klabu ya wanachama, ya pombe za kienyeji, na ya muda kwa ajili ya shughuli. Wenye glosari wengi huomba ile ya kuchukua na kuondoka, kisha taratibu vinatoka viti viwili, meza, spika, na jioni ni baa kamili. Siku ya ukaguzi kiti kimoja chenye mteja na glasi kinatosha kukutia hatiani. Saa za kuuza nazo hufuata aina ya leseni, kwa hiyo usiige saa za jirani yako mwenye hoteli.

Mimi ni mama wa watoto wanne, Tandahimba. Kila msimu nakamua mabibo nauza uraka. Mwaka jana mgambo walimwaga madumu yangu wakisema ni gongo. Mtoto anasoma sekondari kwa uraka huuhuu. Nifanye nini niache kukimbizana nao?

Mama, swali lako ndilo lililonifanya nitenge ukurasa mzima kwa jambo hili, maana kinamama wa hali yako wamejaa kuanzia Nanyamba hadi Nachingwea, na wengi wanaadhibiwa kwa kosa ambalo hawajalitenda.

Uraka si gongo. Uraka ni maji ya bibo, tunda la mkorosho, yaliyokamuliwa na kuachwa yachachuke yenyewe. Asubuhi ni matamu, mtu anaweza kudhani ni juisi. Jioni yanauma ulimi. Ukiyaacha zaidi yanaelekea kwenye siki. Hakuna moto hapo. Sheria ya Vileo inaitambua pombe ya kienyeji ya namna hii na imeweka leseni yake. Gongo, ambayo kwetu wengi wanaiita nipa, ni kitu kingine: uraka huohuo umewekwa jikoni ndani ya pipa lililozibwa, mvuke ukapitishwa kwenye bomba lililopozwa kwa maji, matone yakakingwa. Kazi hiyo ya kukeneka ina sheria yake tangu mwaka 1966, Sheria ya Moshi, na bila kibali ni kosa kutengeneza, kuuza, hata kukutwa nayo. Mtambo wenyewe uani ni ushahidi tosha.

Sipendi kusema jambo la gongo kana kwamba ni la karatasi tu. Matunda yana pektini, kile kinachofanya jemu igande, na pektini ikichachuka hutoa kidogo methanoli, pombe yenye sumu. Kwenye uraka methanoli hiyo imetawanyika ndani ya dumu zima. Kwenye nipa imekusanywa, na mtu anayekeneka jikoni kwa kukisia hana namna ya kujua amekusanya kiasi gani. Methanoli hupofusha na huua. Ukiongeza bomba lililoungwa kwa madini ya risasi, unampa jirani yako sumu mbili kwenye glasi moja. Kwa hiyo, mama, kama kuna siku ulishawishika kupeleka uraka uliobaki jikoni, naomba usifanye. Uza mapema, au uuache uwe siki.

Sasa utaratibu. Nenda kwa mtendaji wa kijiji kabla ya msimu, omba akuandikie barua ya utambulisho inayotaja unachouza na mahali unapouzia. Peleka kwa afisa biashara wa halmashauri, omba leseni ya pombe za kienyeji. Ukilipia, ibebe nakala yake kila unapokaa na madumu. Tenga sehemu ya kuuzia. Kuuza mlangoni mwa nyumba watoto wakipita kutakuletea maneno hata ukiwa na leseni. Mkiwa kinamama kadhaa, ombeni eneo moja la klabu kwa pamoja, bwana afya akague mara moja.

Na mgambo wakirudi? Waonyeshe karatasi, uwaambie wanuse na kuonja. Wakishikilia kwamba ni gongo, mali inayokamatwa inatakiwa kuandikiwa hati ya ukamataji, isainiwe na aliyekamata, wewe na shahidi, na kielelezo kipelekwe polisi. Kielelezo kikishamwagwa chini, anayekushtaki amebaki na maneno matupu. Sema hivyo kwa adabu, mbele ya mwenyekiti wa kijiji.

Ukitaka kwenda mbele zaidi, mabibo yana njia nyingine. TARI Naliendele, wataalamu wetu wa korosho hapa Mtwara, wamekuwa wakifundisha kutengeneza juisi, jemu na mvinyo wa mabibo. Mvinyo wa chupa ni biashara ya viwango: unahitaji alama ya TBS, shirika la viwango, na stempu ya kodi ya TRA. SIDO, shirika la viwanda vidogo, huwaandikia wajasiriamali wadogo barua ya kuwapeleka TBS, ambayo ina ofisi ya kanda hapa Mtwara. Si safari ya msimu mmoja. Lakini kila mwaka mabibo mengi yanaoza chini ya mikorosho baada ya korosho kung'olewa, na mimi naamini mzigo ule unaweza kusomesha watoto wengi bila mama zao kukimbia porini.

Nimepanga baa Lindi mjini. Mwenye nyumba alisema leseni ipo, nisihangaike, kodi ninayomlipa imejumuisha leseni. Jina lililoandikwa ni lake. Nina tatizo?

Unalo, kaka, na ni kubwa. Leseni ya vileo hupewa mtu fulani kwa jengo fulani. Haihami na funguo. Ukiuza wewe kwa leseni ya mwingine bila mamlaka ya leseni kuridhia uhamisho, machoni pa sheria unauza bila leseni. Naye ana lake la kujibu, ila atakayekutwa kaunta ni wewe.

Pima pia upande wa biashara. Siku mkigombana kuhusu kodi, yeye anabaki na leseni, wewe unabaki na friji. Nimeona mikataba ya kupanga baa yenye kurasa tano kuhusu rangi ya ukuta na hakuna sentensi moja kuhusu leseni. Wako uandike mambo haya: mwenye nyumba anakubali leseni iombwe kwa jina lako, au anakubali kusaini maombi ya uhamisho; leseni ikikataliwa kwa sababu ya ubovu wa jengo, nani anatengeneza, na kodi ya kipindi hicho inakuwaje; na mkataba ukiisha leseni inaombewa vipi. Msaini mbele ya wakili. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na mwezi mmoja wa baa kufungwa Novemba.

Mambo ya TRA nayo yawe kwa jina lako. Ukitoa risiti kwa mashine iliyosajiliwa kwa TIN ya mwenye nyumba, mauzo yako yanahesabiwa kwenye kodi yake, na ugomvi hauko mbali.

Baa yangu iko Mikindani, nyumba za jirani ziko karibu na msikiti hauko mbali. Wazee wamepeleka malalamiko kwa mtendaji kuhusu muziki. Leseni yangu ni hai. Wanaweza kunifungia?

Wanaweza, maana leseni ya vileo haikupi ruhusa ya kelele. Kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo za mwaka 2015, zilizo chini ya Sheria ya Mazingira, zimeweka kipimo: eneo la makazi ni desibeli 50 mchana na 35 usiku, eneo la makazi lililochanganyika na biashara na burudani ni 55 na 45. Usiku kwa kanuni hizo unaanza saa 4. Desibeli 45 ni kama watu wanaoongea kwa utulivu chumbani. Spika mbili zilizoelekezwa barabarani haziwezi kubaki hapo. Mwaka 2023 NEMC, baraza la taifa la mazingira, ilifungia baa na kumbi nyingi kwenye miji mikubwa kwa sababu hiyohiyo, na kanda yetu ya Kusini ina ofisi yake hapahapa Mtwara.

Lakini mimi nisingeanzia kwenye kanuni. Nenda kawaone wazee wale wewe mwenyewe, mchana, pamoja na mjumbe. Geuza spika zitazame ndani, teremsha besi, zima kabisa wakati wa adhana na swala ya isha, na mkubaliane saa ya mwisho. Andikeni makubaliano hayo, mtendaji agonge muhuri. Agosti ukirudi kuhuisha leseni, maoni ya mtaa yatatoka kwa watu haohao.

Niko Mangaka. Bia za Msumbiji ni bei nafuu, vijana wananiletea kutoka ng'ambo ya Daraja la Umoja. Leseni ninayo. Kuna ubaya?

Upo. Leseni yako inakuruhusu kuuza kileo kilichoingia kihalali. Tangu mwaka 2019 bia, mvinyo na pombe kali zinazouzwa nchini zinatakiwa kuwa na stempu ya kielektroniki ya TRA. Kreti isiyo na stempu ni magendo, hata kama uliinunua kwa fedha yako halali. Pakua kwenye simu programu ya Hakiki Stempu, piga picha stempu ya chupa mojamoja kabla hujampa kijana fedha. Stempu bandia zipo. Na kama kwenye mzigo kuna pombe kali za mifuko ya plastiki, usiziguse kabisa: viroba vimepigwa marufuku tangu 1 Machi 2017.

Kilwa Masoko: mpwa wangu ana miaka 16, amemaliza shule, nataka anisaidie kuhudumia baa jioni. Ni ndugu, simlipi mshahara.

Usimweke, dada. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inahesabu kazi ya baa kuwa hatarishi kwa aliye chini ya miaka 18, na undugu hauondoi kosa. Mtoto haruhusiwi kuuziwa kileo wala kuingia baa. Yule anayetumwa na baba yake kufuata bia mbili naye mrudishe mikono mitupu, baba aje mwenyewe.

Newala: alikuja mtu akajitambulisha ni wa halmashauri, akasema faini nimpe mkononi yaishe. Nilimpa. Baada ya wiki wamekuja wengine na kosa lilelile.

Ulichotoa hakikufika serikalini, ndiyo maana kosa bado liko hai. Malipo ya serikali hupitia namba ya malipo, unayolipia benki au kwa simu, na risiti inarudi ikiwa na jina lako. Mtu akikosa namba hiyo, mwambie kwa upole akuandikie kosa, utalipa kesho. Muombe kitambulisho, andika jina, tarehe na saa. Fedha iliyokwisha kutoka ripoti TAKUKURU. Ujue tu kwamba kutoa nako ni kosa, kwa hiyo kabla hujaenda ongea na wakili, mwende pamoja mkieleza ulivyobanwa.

Ruangwa: maombi yangu yamekataliwa mara ya pili. Naambiwa kwa mdomo tu, "kikao hakikuridhia". Sina fedha ya wakili.

Anza na barua kwa mkurugenzi wa halmashauri ukiomba uamuzi na sababu zake kwa maandishi. Peleka nakala mbili, ya kwako igongwe muhuri wa kupokelewa. Sababu zikitoka, mara nyingi ni jambo linalorekebishika: choo, mlango wa pili, au muhtasari wa kikao cha mtaa ambao haukuambatishwa. Rekebisha, omba tena.

Wakikaa kimya, au sababu zikiwa hazina msingi wa kisheria, Mahakama Kuu, masjala ya Mtwara, inaweza kuupitia uamuzi ule. Kwanza unaomba ruhusa ya mahakama, na ombi hilo lazima lipelekwe ndani ya miezi sita tangu uamuzi utolewe. Usichanganye na kesi ya madai ya fidia dhidi ya halmashauri, ambayo yenyewe inadai kwanza notisi ya siku 90 na kumuunganisha Mwanasheria Mkuu wa Serikali.

Kuhusu gharama, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, na wako kwenye wilaya. Ulizia ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri. Hawatakusimamia mahakamani, lakini barua kwa mkurugenzi wanaijua vizuri, na huduma yao ni bure. Chukua tarehe uliyoambiwa umekataliwa, uhesabu miezi sita, na uende kwao wiki hii.