Nyaraka zinapokatika, chora mkato wenyewe

Umeuliza ufanye nini, wewe unayechora kutokana na picha za kale, pale nyaraka za wapenzi wa jinsia moja zinapokatika ghafla. Mimi ningeuchora huo mkato. Mei 1933 Wanazi waliivamia taasisi ya Magnus Hirschfeld, daktari aliyetafiti masuala ya jinsia, jijini Berlin, kisha wakavichoma vitabu vyake hadharani. Hapo huna picha ya kunakili, una majivu, na majivu nayo ni rangi. Njia nyingine ni kubuni waziwazi: msanii Zoe Leonard, kati ya 1993 na 1996, alitengeneza picha za maisha ya mwigizaji mweusi ambaye hakuwahi kuwepo, akazichakaza zionekane za kale. Kwangu hiyo ni kazi bora kuliko michoro mingi inayonakili picha halisi bila kuongeza kitu.

Sura za watu ndizo ngumu. Aliyepigwa picha kwenye sherehe ya faragha hakukubali kutundikwa ukutani. Waulize watunzaji wa hifadhi za nyaraka hizi (kama GALA ya Johannesburg, au Lesbian Herstory Archives ya New York) kuhusu masharti ya mkusanyiko unaoutaka. Wakikataa sura, chora mikono, nguo, mwandiko wa barua, au nyuma ya picha; mara nyingi huko ndiko kwenye maneno matamu.