Umepata nafasi ya uzamili wa botania au zuolojia? Ishike takwimu kwanza

Juzi dada mmoja kaniandikia: "Kaka, nimechaguliwa uzamili wa botania. Nikazanie kozi gani?" Nimeshamjibu, lakini najua mko wengi mnaoitafuta shahada hiyo, hivyo nayaweka hapa.

Kuna mhadhiri aliwahi kutuambia mbele ya darasa zima kwamba mimea ni ya waliokosa udaktari. Watu wakacheka. Mpaka leo neno lile linaniuma. Tasnifu yangu imepita, na natembea kifua mbele.

Kozi za msingi hazitofautiani sana chuo kwa chuo: uainishaji (kupanga viumbe katika makundi), fiziolojia (jinsi mwili wa kiumbe unavyofanya kazi), jenetiki (urithi) na mageuko, ikolojia (viumbe na mazingira yao), takwimu. Wa mimea na wa wanyama wote wanapita humo, kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba ya wanyama hayakuhusu.

Utafiti wangu niliufanyia Amani, Usambara Mashariki, pale Wajerumani walipofungua taasisi ya utafiti mwaka 1902. Nilikuwa nafuatilia Maesopsis eminii, mti wa kuletwa uliojipenyeza ndani ya msitu wa asili. Unalaza fremu ya mita moja kwa mita moja, unapiga magoti, unapekua majani yaliyooza kwa vidole, unahesabu mche mmoja mmoja. Lakini mbegu imefikaje pale? Hondohondo amemeza tunda, akaruka, akaiangusha mbali na mti mama. Na palipoanguka mti mkubwa jua likapenya, mche huo unapaa haraka. Ndege ni zuolojia, mwanga ni fiziolojia, na vyote viko ndani ya fremu moja.

Kisha data. Fremu nyingi zilikuwa na sifuri, chache zimejaa miche. Ukichukua wastani tu hapo, unapotosha. Inabidi ujue mbinu za kuchambua idadi zilizotawanyika sana namna hiyo, na hiyo ndiyo takwimu wengi wanayoikimbia.

Jenetiki nayo msiidharau. Kipunji, kima wa Rungwe na Udzungwa, alitangazwa mwaka 2005 akiwa kwenye jenasi (kundi la spishi zenye undugu wa karibu) ya Lophocebus, kwa picha na umbo lake. Mwaka 2006 DNA ikaonyesha yuko karibu zaidi na nyani, akapewa jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus. Mtaalamu wa uainishaji asiyesoma DNA siku hizi anafika nusu ya safari.

Ndugu zangu, someni takwimu. Nalirudia kwa sababu nimeona wenzangu wenye akili kuliko mimi wakikwama na madaftari yamejaa namba. R, programu ya kompyuta ya kuchambua takwimu, ni ya bure. Anza nayo kabla chuo hakijafungua, kwa data yoyote, hata ya mahindi ya shambani kwenu. Na wewe dada uliyeniandikia, idadi ya fremu na mahali pa kuzilaza kaa na msimamizi wako mpange mapema, kabla hujapanda basi la kwenda kwenye utafiti.