Ukimchora Sayyid Khalid, kwanza ondoa saa

Picha nyingi za vita vya tarehe 27 Agosti 1896, Waingereza walipoipiga ikulu ya Zanzibar kumwondoa Sayyid Khalid bin Barghash aliyejitangaza Sultani, huharibika kabla brashi haijafika usoni mwake. Mchoraji hukaa Forodhani, ufukweni mwa mji wa Unguja, akaitazama Beit al-Ajaib, jumba la Sultani, kwenye picha za zamani, akaichora na mnara wake wa saa. Asubuhi ile mnara huo haukuwa sehemu ya jumba. Palikuwa na mnara wa taa uliosimama peke yake mbele ya jumba, na mizinga ya Waingereza ikauharibu; mnara wa saa ulikuja baadaye. Bustani ya Forodhani nayo ifute, ni ya miaka ya 1930. Baina ya Beit al-Ajaib na Beit al-Sahel iweke Beit al-Hukm, na majumba yaunganishe kwa wikio, yaani vivuko vya juu vya kutoka jumba hadi jumba. Beit al-Hukm haikujengwa tena, ndiyo maana inasahauliwa.

Mwanga ndio unaowashinda wengi. Mizinga ilianza saa 3:02 asubuhi. Jua lilikuwa mashariki, nyuma ya majumba, kwa hivyo kuta zinazotazama bahari ziko kivulini na meli ndizo zinazong'aa. Kwa kuta hizo jaribu sehemu nne za nyeupe, moja ya buluu, na kahawia kidogo sana. Ukipaka nyeupe tupu, mtu wa Shangani, mtaa wa hapo mjini, atajua umechora alasiri. Agosti ni msimu wa upepo wa kusi, basi moshi uvutie kaskazini, upande wa mtaa wa Malindi.

Bendera ya ikulu ni nyekundu tupu. Glasgow, meli ya Sultani, ina milingoti mitatu. Ukichora baada ya vita, meli imezama na milingoti imebaki juu ya maji.

Sasa yeye mwenyewe. Alikuwa na miaka 22 hivi, kwa hivyo mvi hazina kazi. Mvishe kilemba, joho juu ya kanzu, na jambia katikati ya kiuno, si ubavuni. Usimpandishe juu ya paa na upanga mkononi: mapema katika mapigano alikimbilia ubalozi mdogo wa Ujerumani. Waliobaki chini ya makombora ni askari, watumishi na watumwa, na upande wa ikulu waliouawa na kujeruhiwa walifika 500 hivi. Wape nyuso. Picha inayomwacha Khalid peke yake, kwa maoni yetu, ni ya uongo kuliko ile yenye saa.

Ukitaka kumpa turubai peke yake, chagua tarehe 25 Agosti, siku aliyojitangaza Sultani baada ya kufa Sultani Sayyid Hamad bin Thuwaini, au tarehe 2 Oktoba, alipochukuliwa na Wajerumani kupelekwa Dar es Salaam. Hiyo ya pili inatosha hata kwenye kitambaa cha sentimita 40 kwa 60. Maji yajae mpaka kwenye uwanja wa ubalozi, mashua iwe imegusa ukingo. Pwani kavu usiichore kabisa: alipita kutoka uwanjani moja kwa moja hadi chomboni, maana Waingereza walikuwa nje wakimngoja akanyage ardhi ya Unguja.