Kabla hujaniomba fomula, kahesabu mlango

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Pongwe alinitumia ujumbe: "Shikamoo kaka, naomba fomula ya kukokotoa uwezekano wa relei ya usalama (swichi ya umeme inayozuia mashine mlango ukiwa wazi) kufeli. Bosi anaitaka kesho." Marahaba, mdogo wangu. Fomula ni mstari mmoja tu, nitakupa. Ila nisikilize kwanza, maana mimi iliwahi kuniponza.

Kiwanda sikitaji, kipo hapahapa Tanga. Nilikabidhiwa mashine ya kugonga sabuni. Mlango wa kinga unafunguliwa kila sekunde 30, saa 16 kwa siku, siku 300. Hiyo ni mara 576,000 kwa mwaka. Nikafungua jedwali la ISO 13849-1, kiwango cha kimataifa cha usalama wa mashine, nikakuta relei: B10d 20,000,000. Maana yake, mizunguko ikifika hapo, relei 10 katika kila 100 zimeshafeli kwa namna ya hatari. MTTFd, yaani wastani wa muda hadi hitilafu ya hatari, ni B10d gawanya kwa (0.1 mara mizunguko ya mwaka). Nikapata miaka 347. Nikasaini kwa moyo mweupe.

Mstari wa pili wa jedwali sikuusoma. Ile milioni 20 ni ya mzigo mdogo wa umeme. Relei yangu ilibeba vali tatu za hewa na koili ya kontakta kubwa (swichi ya umeme mwingi), mkondo unaokaribia ukomo ulioandikwa ubavuni mwake. Kwa mzigo kamili jedwali lilelile linasema 400,000. Hesabu ileile sasa inatoa miaka 6.9, yaani hitilafu moja ya hatari kwa wastani wa kila saa 61,000 hivi. Na muda wa kuibadilisha, B10d gawanya kwa mizunguko ya mwaka, ni miezi minane na kidogo.

Mwezi wa tisa wa kazi kontakti, vile vipande vya chuma vinavyogusana kupitisha umeme ndani ya relei, zikagandana. Mama mmoja alifungua mlango, akauondoa mkono ajifute jasho kwa ncha ya kanga, na chuma kikashuka mlango ukiwa wazi. Niliipasua relei ile kwa bisibisi. Kontakti zilikuwa nyeusi, katikati tone la fedha iliyoyeyuka, dogo kama punje ya mtama.

Meneja alinisimamisha mbele ya vijana niliowafundisha mwenyewe, akasema hesabu zangu ni za darasani. Neno lile linaniuma mpaka leo. Fomula haikukosea, nilikosea nilichoingiza.

Nikafunga relei mbili za kontakti zilizoshikamanishwa, yaani kontakti moja ikigandana, mwenzake wa upande wa pili ndani ya relei ileile hawezi kufunga, nikarudisha waya wa uthibitisho kwenye relei ya usalama. Kukiwa na hitilafu, mashine inakataa kuwaka. Inafanya kazi hadi leo, na najivunia.

Mafundi wenzangu, tuache kupenda tarakimu kubwa kwa sababu mteja anazipenda. Nyuma ya ile tarakimu kuna mkono wa mtu mwenye watoto. Pima mkondo kwa klampu mita. Soma mzigo. Hesabu mlango. Ukimaliza, soma mzigo tena.

Yule kijana nilimwambia akasimame na saa mbele ya mashine yao kwa saa nzima, ahesabu mlango unafunguliwa mara ngapi. Jioni akanitumia picha ya karatasi iliyojaa vijistari vya kalamu, chini kaandika 131. Kwenye fomu aliyopewa na bosi wake ilikuwa imejazwa 40.